Elon Musk si shujaa wa vijana wa Kivu

Mjini Goma, Bukavu na Butembo, vijana wanalitaja jina la Elon Musk kama wanavyotaja jina la mchezaji mkubwa wa mpira. Wanatumiana picha zake kwenye simu pamoja na maneno ya kutia moyo: alianza bila kitu, hakulala, hakuogopa kushindwa, leo ndiye tajiri kupita wote duniani. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Tangu Marekani ikate misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, wanasema Musk aliwafanyia Waafrika jambo la heri, kwa sababu mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Maneno hayo hayafai kuachwa bila jibu. Mama aliyelala chini ya turubai akingojea jetoni ya unga ambayo haikuja hawezi kuambiwa kwamba njaa ya watoto wake ni dawa, kisha watu wanyamaze. Mtu anayesifiwa hivyo alisaidiwa na serikali alipokuwa karibu kuanguka. Wenye njaa walipomngojea, ahadi aliyoitoa mbele ya dunia nzima haikuwafikia. Halafu alitumia mali yake kujipatia mamlaka ambayo hakuna mpiga kura aliyempa, na mamlaka hayo yakatumika kukata chakula na dawa za watu asiowajua.

Hakuanza bila kitu

Musk alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 28 Juni 1971, wakati wa ubaguzi wa rangi. Familia yake ilikuwa ya wazungu na baba yake alikuwa injinia. Alipokaribia miaka 18 aliondoka kwenda Kanada, nchi alikozaliwa mama yake, kisha akaingia Marekani kusoma. Kwamba ana akili na bidii, hakuna anayebisha. Mwaka 1995 yeye na mdogo wake Kimbal walianzisha kampuni ya intaneti iliyoitwa Zip2, na mwaka 1999 kampuni ya Compaq iliinunua kwa dola zaidi ya milioni 300. Sehemu ya pesa alizopata aliitia katika biashara ya kulipana kwa intaneti, ambayo baadaye iliunganishwa na nyingine ikawa PayPal. eBay iliinunua PayPal mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5. Mwaka huohuo alianzisha SpaceX, kampuni ya roketi. Mwaka 2004 aliingia Tesla, kampuni ya magari ya umeme ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla na watu wengine wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning.

Wanaomsifu hupenda kuruka kilichotokea mwaka 2008. Mwaka huo Tesla na SpaceX zote mbili zilikuwa karibu kufa. Mwezi wa Desemba NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, liliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha angani. Mwaka 2010 serikali hiyohiyo iliikopesha Tesla dola milioni 465. Tesla ililipa deni hilo lote mwaka 2013, kabla ya muda wake, na roketi za SpaceX zimefanya kazi zilizolipiwa. Hapo hakuna aibu yoyote. Lakini gazeti la Washington Post lilipopiga hesabu mwezi wa Februari 2025, lilikuta kwamba mikataba, mikopo, ruzuku na nafuu za kodi ambazo kampuni za Musk zilipata kwa serikali kwa miaka mingi ilifika walau dola bilioni 38.

Kijana anayetaka somo katika maisha ya mtu huyu alichukue hilo. Hata mwenye akili nyingi, akiwa ameteleza, anahitaji mkono wa serikali umshike. Musk alishikwa mkono. Alipokwisha kusimama imara, alikuja kusema mkono unaowashika wengine ni wizi na hasara.

Ahadi ya bilioni sita

Mwaka 2021, David Beasley, aliyekuwa mkuu wa PAM, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula, alisema hadharani kwamba sehemu ndogo ya utajiri wa Musk, kama asilimia 2, ingeweza kuokoa mamilioni ya watu waliokuwa karibu kufa njaa. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Musk alijibu mbele ya watu wote: PAM ieleze ni vipi dola bilioni 6 zitamaliza njaa duniani, na yeye atauza hisa zake za Tesla mara moja atoe pesa hizo.

PAM ilijibu. Katikati ya Novemba ilitoa mpango wa dola bilioni 6.6 wa kulisha watu milioni 42 katika nchi 43, ikaeleza kiasi cha chakula, kiasi cha pesa taslimu za kuwapa watu, na gharama za kuendesha kazi. Mwezi huohuo Musk alitoa hisa za Tesla zenye thamani ya dola bilioni 5.7, na wengi wakadhani wenye njaa wamekumbukwa. Baadaye ilijulikana kwamba hisa hizo zilikwenda kwenye mfuko wa hisani unaobeba jina lake mwenyewe. PAM haikupata pesa alizozitaja.

Sheria ya Marekani inautaka mfuko wa namna hiyo utoe kila mwaka walau asilimia 5 ya mali yake kwa kazi za hisani, kwa sababu mwenye mfuko amekwisha kupata nafuu ya kodi. Karatasi za mfuko wa Musk zilionyesha kwamba mwaka 2021, 2022 na 2023 haukufikisha kiasi hicho kwa wakati. Mwaka 2023 peke yake ulipungukiwa na dola milioni 421. Sehemu kubwa ya pesa zilizotoka ilikwenda kwa kazi zilizo karibu naye, kama shule iliyoanzishwa Texas na watu wake.

Pesa ni zake, mtu atasema. Ni kweli. Lakini mtu akiisimamisha dunia nzima, akaahidi mbele ya wenye njaa, wakamtimizia sharti alilolitoa, halafu mlango ukafungwa, kijijini anaitwa kwa jina lake. Kuwa na magari ya umeme hakulibadilishi jina hilo.

Alinunua meza ya wakubwa

Oktoba 2022 Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, akaipa jina X. Kwa njia hiyo akawa na uwanja wake wa kusemea, wenye mamia ya mamilioni ya watu. Julai 2024 alitangaza kumuunga mkono Donald Trump. Hadi uchaguzi wa Novemba alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 280 kumsaidia Trump na wagombea wa chama chake. Katika majimbo ambayo ushindani ulikuwa mkali, kundi lake lilitangaza kumpa dola milioni moja kila siku mtu mmoja kati ya wapiga kura waliotia saini karatasi yake.

Raia wa Kongo hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Wanamjua mgombea anayefika na lori la vitenge, fulana na chumvi wiki moja kabla ya kura, kisha haonekani tena miaka mitano. Wanamcheka na kumlaani. Inashangaza kwamba jambo hilohilo, likifanywa na mzungu mwenye roketi, linaitwa ujanja wa biashara.

Malipo yalikuja upesi. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya Trump, iliundwa ofisi ya kupunguza matumizi ya serikali iliyojulikana kwa jina la DOGE, na Musk akawa ndiye sura yake. Hakuwa mbunge wala waziri, na hakuna raia hata mmoja aliyempigia kura. Hata hivyo vijana wake waliingia katika ofisi za serikali, wakafungua kompyuta za malipo na kufungia wafanyakazi nje.

Wiki ambayo Goma ilianguka

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wazitazame tarehe hizi vizuri. Tarehe 20 Januari Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 24 Januari ikatoka barua ya kusimamisha kazi zilizokuwa zinaendelea. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Hospitali zilijaa majeruhi, maji na umeme vilikatika, na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa kambini walikuwa njiani tena na magodoro kichwani. Siku hizohizo ndizo mashirika yaliyokuwa yanasaidiwa na Marekani yalipokea ujumbe wa kuacha kazi.

Tarehe 2 Februari Musk aliandika kwenye X kwamba USAID, shirika la misaada la Marekani, ni genge la wahalifu na kwamba wakati wake wa kufa umefika. Siku iliyofuata alijisifu kwamba wikiendi yote wamekuwa wakiliingiza shirika hilo katika mashine ya kusagia miti. Wikiendi hiyo, Goma ilikuwa inaokota na kuzika maiti.

Kwa Kongo, USAID halikuwa jambo la pembeni. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa zote za misaada ya kiutu zilizopatikana kwa nchi hii. Ndani yake mlikuwa unga, maharagwe na mafuta ya PAM, maji ya kambini, dawa za vituo vya afya, maziwa ya tiba kwa watoto wenye utapiamlo, na vifurushi vya dawa ambavyo mwanamke aliyebakwa anatakiwa kuvipata ndani ya saa 72 ili asiambukizwe ukimwi. Mganga anaweza kusubiri mshahara. Saa 72 hazisubiri uamuzi wa Washington.

Tarehe 10 Machi, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa. Mwezi huo wa Machi, hesabu za wataalamu wa chakula zilionyesha kwamba Wakongomani karibu milioni 28 wana njaa kali.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Beni, Butembo na Mangina wasilisahau. Tarehe 26 Februari, akiwa katika kikao cha kwanza cha mawaziri wa Trump, Musk alikiri kwamba kazi ya kuzuia Ebola ilikatwa kwa bahati mbaya, akaongeza kwamba imerudishwa mara moja. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo walisema haikurudi kama alivyodai. Baadhi ya waliokuwemo walicheka. Ebola iliyoanza mwaka 2018 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri iliua watu 2,287 kabla ya kuisha mwaka 2020. Kuna nyumba huko ambazo hakubaki mtu mzima. Na tarehe 4 Septemba 2025 Ebola ilitangazwa tena, safari hii Bulape, jimbo la Kasai. Ugonjwa huo haujui bahati mbaya.

Hakuwa peke yake

Haki idai kusema yote. Musk hakutia saini amri ya kusimamisha misaada. Trump ndiye aliyetia saini, na Rubio ndiye aliyefuta mikataba. Musk hakuwatuma wanaopigana Masisi na Rutshuru. Maghala ya chakula ya Goma yaliporwa siku za vita, na M23 ndiyo iliyowapa watu wa kambi za Bulengo na kwingine saa 72 waondoke, mwezi wa Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Hata Uingereza, mwezi huohuo, ilitangaza kupunguza misaada yake. Anayesema Musk ndiye chanzo cha mateso yote ya Kivu anawapa wengine nafasi ya kujificha nyuma yake.

Lakini mtu kuwa na wenzake katika kosa hakumfanyi asiwe na kosa. Yeye ndiye aliyelifanya kuwa jambo la kujivunia. Misaada yote ya nje ni kama asilimia moja tu ya bajeti ya serikali ya Marekani. Alikuwa ameahidi kuokoa dola trilioni 2, akashuka hadi trilioni moja, na alipoondoka mwishoni mwa Mei 2025 hata hiyo hakuifikia. Akaanza mahali ambapo wanaoumia hawana kura Pennsylvania.

Pesa hizo zilikuwa zimekwisha kupitishwa na bunge la Marekani, kwa sheria. Serikali yoyote ina haki ya kuacha kutoa. Wanaoacha kwa heshima hutoa taarifa, hutoa muda, humaliza dawa zilizokwisha kununuliwa, huwaacha wengine wajipange. Kukata usiku mmoja katikati ya vita ni jambo jingine kabisa.

Methali inatumiwa vibaya

Sasa ile methali. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: ni kweli, na wazee waliisema kwa kijana mwenye nguvu anayekaa barazani wakati shamba lipo. Hawakuisema kwa mkulima aliyefukuzwa kwa risasi. Watu wa Masisi walikuwa wanalisha Goma nzima kwa viazi, maharagwe, maziwa na jibini. Hawakutoka nyumbani kutafuta unga wa bure. Shamba lipo, na mwenye bunduki yuko ndani yake. Kumwambia mtu huyo ajitegemee ni kumwambia aliyefungwa kamba atembee.

Wanaokosoa misaada wana hoja za kweli. Raia wameona magari makubwa ya mashirika na nyumba za kupanga za bei ya juu pale Himbi, huku kambini choo kimoja kinatumiwa na umati. Wakati wa Ebola ya Beni watu walisema wazi kwamba kuna wanaogeuza ugonjwa kuwa biashara, na mwaka 2021 tume huru ilithibitisha kwamba wafanyakazi wa misaada, wakiwemo wa Shirika la Afya Duniani, waliwadhulumu wanawake kwa ngono. Hayo yalihitaji hukumu, marekebisho na sauti ya raia katika kazi. Musk hakuyatengeneza hayo. Mwenye nyumba inayovuja hatafuti mtu wa kuichoma moto.

Wengine wanasema basi heri Bill Gates, ambaye mwaka 2025 alimlaumu Musk waziwazi na kuahidi kutoa karibu mali yake yote hadi mwaka 2045. Chanjo alizolipia zimeokoa watoto wengi, na hilo lisemwe. Lakini Gates naye hakuchaguliwa na mtu wa Walikale. Mtoto ambaye chanjo yake inategemea tajiri mwema ameamka salama leo kwa sababu tajiri ameamka na moyo mzuri. Kesho tajiri anaweza kuwa mwingine. Ndiyo maana ubaya wa jambo hili unaizidi tabia ya mtu mmoja.

Anayedaiwa yuko wapi

Kongo si ombaomba mbele ya Musk. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka katika ardhi ya Katanga, na kobalti inaingia katika betri za magari ya umeme, ingawa siku hizi zipo betri zisizoitumia. Mwaka 2020 vyombo vya habari viliripoti kwamba Tesla ilikubaliana kununua kwa Glencore, ambayo ina migodi Kolwezi, hadi tani 6,000 za kobalti kwa mwaka. Familia za watoto waliokufa na kujeruhiwa mashimoni ziliishitaki Tesla na kampuni nyingine kubwa nchini Marekani mwaka 2019. Machi 2024 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wanunuzi hao hawawezi kubebeshwa mzigo huo kisheria. Na Mei 2025 serikali ya Kinshasa iliipa Starlink, intaneti ya satelaiti ya SpaceX, ruhusa ya kuuza huduma nchini. Intaneti hiyo inaweza kuwafaa watu wa mbali. Lakini ni biashara, itajumuishwa kwenye bei, na anayelipa asiitwe anayesaidiwa.

Hapo ndipo hasira ya vijana ingeelekezwa vizuri. Chini ya sheria ya madini ya mwaka 2018, kobalti ilipandishwa kuwa madini ya kimkakati yanayotozwa asilimia 10. Sheria hiyo inasema asilimia 15 ya pesa za namna hiyo ziende kwa serikali za mitaa za mahali yanapochimbwa, na kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Waulize wabunge wao: pesa hizo zimefika wapi? Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Kinshasa inatoa ngapi, na katika hizo, ngapi zinafika kituo cha afya cha Kitshanga au Minova? Bajeti ya waliokimbia vita ina mstari wake, au inangojea wageni?

Wanaosimamia miji na barabara za Kivu sasa, hata wawe nani, waulizwe vilevile. Anayekusanya kodi sokoni na kwenye vizuizi amejitwika pia kazi ya kuwapa watu dawa na kuacha chakula kipite.

Na wafadhili wanaobaki, watakapokuja na karatasi za miradi mipya, wakutane na wakaaji wenye swali moja tayari: mkiondoka, mtatupa miezi mingapi ya taarifa, na dawa zilizobaki zitakuwa mikononi mwa nani? Kamati za kambi, wachungaji, maimamu, mama wa vikundi vya akiba na wauguzi wanaweza kudai jibu hilo liandikwe na kutiwa saini.

Kijana wa Goma anayetaka shujaa hana haja ya kutafuta mbali. Wapo wauguzi waliobaki wodini bila mshahara baada ya miradi kufungwa. Wapo waliowapokea ndugu na wageni katika vyumba viwili, watu kumi na watano wakila sufuria moja ya fufu na sombe. Hao hawakuwa na dola bilioni 400 za kuwazidi wengine, na hawakungoja mpango wa bilioni 6.6 ili waamini kwamba mwenye njaa anakula. Picha zao ndizo zifaazo kutumwa kwenye simu.